Kulea Waongofu Mwaloni: Shajara ya Giza na Mbalamwezi

Januari, wiki ya mkutano

Baraza la wazee limeniagiza niandike kazi hii inavyokwenda, ili walezi tulio nao sasa na watakaoingia baadaye wasianze kila kitu upya. Mkutano wa injili umeisha Jumapili. Kadi za waliookoka zimejaa kwenye boksi na nimezipitia pamoja na Mwinjilisti. Nyingi zina jina moja tu, na kwenye nafasi ya simu pameandikwa namba ya mwenye duka au hapakuandikwa kitu. Humu majina hayataandikwa. Kila mtu ataitwa kwa kazi yake, maana mwalo, yaani ufuko wa kuteremshia samaki, ni mdogo na daftari huweza kuangukia mikono yoyote.

Kwa asiyetufahamu: tupo ufukweni mwa Ziwa Victoria, wilaya ya Ilemela, nje kidogo ya katikati ya jiji la Mwanza. Watu wetu ni wavuvi wa dagaa, wanawake wanaoanika na kuchuuza, mafundi nyavu, mafundi mitumbwi, mama lishe na vijana wa bodaboda. Wengi si wazaliwa wa hapa. Wametoka Ukerewe, Mara, Geita, Kagera, na wataondoka tena dagaa wakihama.

Miaka yote tumekuwa tukiwapeleka waongofu kwenye darasa la Jumatano saa kumi jioni. Darasa huanza limefurika, na ikifika wiki ya nne wanabaki akina mama wachache na mlinzi wa shule. Wapo wanaosema wavuvi hawana msimamo. Mimi nasema saa kumi jioni ndiyo saa ya kununua mafuta, kukagua nyavu na kuangalia taa kama zina chaji. Mvuvi wa dagaa akionekana kanisani saa hiyo, ama anaumwa ama amefukuzwa chomboni.

Safari hii baraza limekubali njia nyingine: kila mwongofu awe na mlezi wake mmoja, wakutane kwa muda wao na mahali pao, wasome Injili ya Marko tangu mwanzo hadi mwisho. Sura kumi na sita. Wale wanaopenda kukaa wengi watakutana watatu au wanne, wasizidi hapo. Darasa la Jumatano litabaki kwa anayeweza kuja.

Januari, giza linaanza

Kuwapata walezi kumekuwa kugumu kuliko kuwapata waongofu. Waliojitokeza haraka ni wale wanaopenda kushika maikrofoni. Mchungaji akawashukuru kwa upole na kuwaachia maombi ya mkesha. Aliowataka yeye ni watu ambao majirani zao wasingeshangaa kusikia wameokoka. Baada ya kichujio hicho orodha ilipungua sana.

Katika waliobaki kuna fundi nyavu, mzee anayeongea kidogo. Kuna mama lishe ambaye kibanda chake kiko pale mitumbwi inapotia nanga. Kuna mwalimu mstaafu. Na kuna bibi yetu kutoka Kagera, ambaye utoto wake ulipita katikati ya watu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda na Bukoba miaka ya 1930. Bibi amekwisha kulea watu wengi kabla hatujaanza kuliita jambo hili mradi.

Mwanamume atalea mwanamume, mwanamke atalea mwanamke. Hilo halikuhitaji mjadala.

Mjadala ulikuja kwenye mambo ya siri. Vijana walitaka kila kikundi kiwe na muda wa kuungama hadharani, kama watu wa uamsho walivyofanya. Bibi akawakatiza: "Wajukuu zangu, sisi tulikuwa tunatembea nuruni, hatukuwa tunatembeza habari za watu." Akaeleza kwamba dhambi aliyotendewa mtu mmoja huungamwa kwa mtu huyo mmoja, na iliyotendwa mbele ya wote huungamwa mbele ya wote. Tumeandika hivyo kwenye karatasi ya walezi. Yanayosemwa kati ya wawili yatabaki kati ya wawili, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akiwa anaumizwa. Hapo mlezi atamwambia Mchungaji siku hiyohiyo, na tutakwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mzee mmoja aliona kutaja polisi kwenye karatasi ya kanisa ni kuwatisha watu. Imebaki.

Februari, mbalamwezi

Sasa tumeelewa kalenda yetu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mwezi ukiwa mpana taa hazina nguvu, kwa hiyo mitumbwi hupumzika karibu siku kumi. Nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa, watu huenda kwao kusalimia, na pombe hunywewa kwa wingi. Hizo ndizo siku ambazo mwongofu wetu hushinda au huanguka, na ndizo siku ambazo ana nafasi.

Fundi nyavu ndiye aliyesema, bila maneno mengi: mipango yote ya wanaume ifuate mwezi. Siku za mbalamwezi wakutane hata kila siku. Giza likiingia mlezi asimfuate mtu na daftari. Ampitie asubuhi akiteremka, amsalimie, amuulize usiku ulikuwaje, basi. Akina mama wao ni kinyume. Giza ndilo linalowashughulisha tangu alfajiri hadi jua likiwa kali, kisha mchana wanakaa karibu na vichanja vya kuanikia dagaa wakifukuza kunguru. Mlezi akija na kukaa hapo ana saa nzima, ilimradi naye ashike jani la kufukuzia.

Nimemwonyesha Katibu wa kanisa kalenda hii. Akauliza tutaiwekaje kwenye ratiba ya mwaka. Nikamwambia anunue kalenda yenye picha ya mwezi.

Februari, giza

Mwalimu mstaafu amekutana na tatizo ambalo darasani halikuonekana: kijana wake hajui kusoma. Darasani alikuwa akifungua Biblia ukurasa wowote na kutikisa kichwa. Wakiwa wawili tu hapakuwa na pa kujificha. Mwalimu hakusema kitu. Alianza kusoma yeye, kwa sauti, kisha akamwomba kijana asimulie alichosikia. Kijana alisimulia habari za yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini kwa undani kuliko wengi wanaosoma, hadi akauliza nani alilipia dari.

Tumenunua memori kadi zenye Agano Jipya la kusikiliza kwa Kiswahili. Kwa wazee wa Kisukuma Biblia ya Kisukuma ipo, ila msomaji ndiye adimu. Memori imekuwa na matumizi ambayo hatukuyapanga. Usiku mitumbwi ikishatandaza taa, wavuvi hukaa wakisubiri dagaa wajae kwenye mwanga, na kungoja kwenyewe ni kurefu. Nahodha mmoja wa waongofu wetu amechomeka memori kwenye redio yake ndogo. Mabaharia wenzake, ambao hawajaokoka wala hawajasema wataokoka, wanasikiliza. Walilalamika tu kwamba msomaji ana sauti ya kulaza watu.

Machi, mbalamwezi

Fundi nyavu na Nahodha wamefika Luka. Walikubaliana kuruka, maana Nahodha alisikia kwenye redio habari za Simoni kuvua usiku kucha bila kupata kitu, akataka kuiona kwenye kitabu. Nilikaribishwa kikao hicho.

Nahodha alitufundisha zaidi ya tulivyomfundisha. Alieleza kwamba mtu anayevua kwa nyavu huvua usiku kwa sababu mchana samaki anauona wavu, kwa hiyo kumwambia Simoni atupe nyavu kumekucha, tena ameshaziosha, ni kumwambia afanye kazi ya bure mbele ya watu. "Mimi ningekataa," alisema. Fundi nyavu akamwacha akae na neno hilo. Baadaye tukasoma Yohana 21, pale wanapohesabiwa samaki 153. Nimewahi kusikia mahubiri mengi yakitafuta fumbo ndani ya namba hiyo. Nahodha hakuona fumbo lolote: chombo kina tajiri wake, kina mafuta, kina wavuvi wa kugawana, samaki lazima wahesabiwe. Sikuwahi kusikia ufafanuzi mzuri kama huo, na nimeomba ruhusa niutumie.

Nawaambia walezi wote: mwongofu wetu si chombo kitupu. Analijua ziwa, na sehemu kubwa ya Injili imetokea ziwani.

Machi, mvua zimeanza

Mvua ya masika imeshika. Dagaa wakinyeshewa kichanjani wanaoza au wanageuka rangi, na wanaouzika kwa ajili ya watu wanaishia kuuzwa kwa wenye viwanda vya chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Wengi wa akina mama wamekosa mtaji wa kununua debe lijalo. Wachache wameingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya kurejesha kila siku.

Mama lishe ameniletea jambo zito, kwa idhini ya mwenyewe na bila kumtaja. Mwanikaji mmoja aliyeokoka kwenye mkutano amemweleza namna anavyopata dagaa. Mwaloni mwanamke mwenye mvuvi wake huteremshiwa ndoo ya kwanza na hata kwa mkopo. Asiye na mvuvi husubiri wengine wamalize, hasa siku ambazo dagaa ni wachache. Upande wa Kenya wa ziwa hilihili mtindo huo unaitwa jaboya, na mashirika ya afya yameshaupigia kelele kwa miaka kwa sababu ya VVU. Hapa kwetu watu huupita kimya. Mama huyu ana watoto watatu na huyo mvuvi ana mke Ukerewe. Aliuliza swali moja: "Nikimwacha, nitanunua kwa nani?"

Karatasi yetu ya walezi ina mistari mizuri ya kumpa. Mama lishe hakumpa mstari. Alimwambia wataomba, na kwamba atarudi kesho. Kesho yake alirudi na akina mama wengine wawili wa kikundi chao kidogo, na kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Waliunganisha wakaenda kwa tajiri mwenye mitumbwi miwili, wakamwekea fedha mkononi kabla chombo hakijatoka, kwa makubaliano kwamba ndoo zao zitateremka pamoja na za kwanza. Tajiri anapenda fedha taslimu kuliko maneno ya mabaharia wake. Alikubali.

Zakayo alipotubu alirudisha mara nne, lakini Zakayo alikuwa tajiri. Toba ya maskini mara nyingi humtaka mtu mwingine atie mkono mfukoni. Nimeliandika hilo kwenye taarifa ya baraza kama nilivyoliandika hapa, na nimeomba mfuko wa huduma kwa wahitaji ufunguliwe kwa vikundi vya akina mama kabla ya kufunguliwa kwa jambo lingine lolote.

Aprili, kikao cha kamati ya ujenzi

Kamati ya ujenzi imetoa hoja: kwa kuwa sasa kila mwongofu ana mtu anayemtembelea, walezi wakusanye na ahadi za bati. Mwenyekiti wa kamati ni mtu mwema na paa linavuja kweli.

Historia ilimpa hoja yeye na mimi pia. Mwaka 1742 kule Bristol, Uingereza, jamii ya akina mhubiri John Wesley ilikuwa na deni la jengo. Nahodha mmoja, Foy, akapendekeza kila mshiriki atoe peni moja kwa wiki, na mtu mmoja apewe wenzake kumi na mmoja wa kuwazungukia, na asiye na peni yeye amlipie. Walipozunguka nyumba hadi nyumba wakaanza kukuta yaliyomo ndani: huyu anapigana na mkewe, yule amerudia ulevi. Wesley akaona amepata kitu kikubwa kuliko fedha za deni, na madarasa yale ya watu kumi na wawili yakawa uti wa mgongo wa Umethodisti. Mwenyekiti alipoisikia akafurahi. Nikamkumbusha sehemu aliyoiruka: mkusanyaji alikuwa tayari kumlipia asiyenacho. Walezi wangu wako tayari, lakini mifuko yao naifahamu.

Tumeafikiana kwamba mlezi hatagusa fedha ya mwongofu kabla ya ubatizo, iwe bati, iwe sadaka ya shukrani, iwe nauli. Anayetaka kutoa atatoa Jumapili kama watu wengine. Mwongofu akishaanza kuhisi kwamba hodi ya mlezi ni hodi ya mchango, ataanza kujificha, na mimi simlaumu.

Aprili, giza

Habari ya hirizi. Chombo cha Nahodha si chake. Tajiri ana mganga wake, ambaye kabla ya giza kubwa huja kukiosha chombo, huchomeka dawa chini ya mbao ya mbele, na wavuvi huchanjwa chale ili wasizame na wavue dagaa wengi. Gharama hukatwa kwenye mgao wa wote. Nahodha alimwuliza Fundi nyavu afanye nini: aing'oe dawa usiku aitupe ziwani?

Vijana wetu wa maombi wangekuwa wamekwisha kuing'oa na kuimba. Fundi nyavu alitaka siku mbili. Alirudi na sehemu mbili za Maandiko. Ya kwanza ni Matendo 19, pale Efeso walipochoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande hamsini elfu vya fedha. Waliovichoma walikuwa wenye vitabu. Ya pili ni Naamani wa Shamu katika 2 Wafalme 5, ambaye baada ya kutakaswa alimwomba nabii asamehewe atakapolazimika kuingia na bwana wake katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, na nabii huyo, Elisha, akamjibu aende kwa amani. Basi Fundi nyavu akamwambia: kilicho chako kiondoe, mwili wako usimpe, fedha yako usiitoe. Chombo cha mtu mwachie mwenyewe, na umweleze mchana, kwa heshima.

Nahodha alikata uzi aliokuwa amefunga kiunoni tangu ujana, akauchoma mbele ya mke wake na Fundi nyavu. Kisha akamwendea Tajiri. Tajiri hakupiga kelele. Alisema tu kwamba nahodha asiyechanjwa atawatia hofu mabaharia, na akamweka mwingine.

Nahodha amekaa giza zima bila chombo. Mke wake ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuza maandazi. Wapo waliotarajia tuandike kwamba chombo kile kilikosa dagaa. Kilipata vizuri sana.

Mei, mvua zinapungua

Nimekula mchana na jirani yangu, katekista wa parokia. Nilimweleza tunavyofanya, naye akacheka kwamba tunagundua walichokuwa nacho wao. Kadinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu huwaita White Fathers, aliwaagiza mapadri wake wa maziwa makuu wasimbatize mtu mzima kabla ya miaka minne ya kufundishwa na kutazamwa, isipokuwa katika hatari ya kufa. Walifika kusini mwa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1870, na Bukumbi, hapa karibu tu, ni miongoni mwa vituo vyao vya zamani.

Miaka minne kwa mvuvi anayehama kila msimu haiwezekani. Lakini nimebaki na wazo la kutazamwa. Sisi humwuliza mwongofu maswali ya imani mbele ya wazee, akijibu vizuri anabatizwa. Hatumwulizi mke wake lolote. Nimependekeza kwamba kabla ya ubatizo mlezi aje na mtu mmoja anayeishi na mwongofu au anayefanya naye kazi, aseme anachoona. Baraza limekubali kwa majaribio, ingawa mzee mmoja ameuliza kama nasi wazee tutaletewa mashahidi wetu. Swali hilo halikujibiwa.

Juni, mbalamwezi

Ukavu umerudi, vichanja vimejaa, watu wamechangamka. Ubatizo umepangwa. Kwenye orodha kuna jozi za watu ambao wamekaa pamoja miaka na watoto bila ndoa, na utaratibu wetu hauruhusu kuwabatiza hadi wafunge. Mara nyingi kizuizi ni mahari. Kwa Wasukuma ni ng'ombe, na baba mkwe akishasusa, binti habarikiwi kanisani hata akizeeka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiifanyi mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa, ila ukweni hawasomi sheria hiyo.

Mwalimu mstaafu na mzee mwingine wamesafiri na kijana wa memori, yule asiyejua kusoma, hadi kwa wakwe zake. Walikaa, wakaamkia, wakakiri kosa la kijana kumchukua binti bila taarifa, wakaomba. Mzee wa nyumba aliwaweka juani hadi alasiri kabla hajaitika vizuri. Walirudi na makubaliano ya kulipa kidogo kidogo na ruhusa ya ndoa kufungwa. Siku hiyo moja ilimfundisha kijana habari ya upatanisho kuliko somo letu la sita, ambalo nimelitoa kwenye karatasi.

Ubatizo ni wa maji mengi, ziwani. Muuguzi wa zahanati alituomba tusiingie upande wa matete kwa ajili ya kichocho. Wavuvi walicheka sana, maana wao wanashinda humo, lakini walimsikiliza, tukasogea kwenye mchanga ulio wazi. Ametuomba pia tuwakumbushe watu dawa za kichocho zikitolewa. Tumetangaza.

Julai, giza

Hesabu ya kweli. Waliobatizwa ni sehemu ndogo ya boksi lile la kadi. Baadhi ya kadi hazikupata mwenyewe hata tulipouliza kila kibanda. Wengine walituambia wazi walinyoosha mkono kwa sababu ya rafiki. Wapo waliorudia pombe, na walezi wao bado wanawapitia. Ila wengi kabisa wa wale tuliowakosa hawakuiacha imani: waliuacha mwalo. Dagaa wamehamia visiwani, nao wamefuata, Kome, Ukara na kwingine.

Hapo utaratibu wetu ulikuwa na tundu. Makanisa yetu humtoa mshiriki kwa barua ya utambulisho, lakini ambaye hajabatizwa hana barua, kwa hiyo akihama anafika kama mgeni asiye na historia. Ndugu wa Efeso walipoona Apolo anataka kuvuka kwenda Akaya waliwaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Nasi tumeanza kuandika barua fupi kwa kila mwongofu anayeondoka: amesoma hadi wapi, mlezi wake ni nani na simu yake, anahitaji nini. Dhambi zake hatuandiki. Mwinjilisti anakusanya namba za wachungaji na wainjilisti wa visiwani, wa madhehebu yoyote yanayohubiri Kristo. Hilo la madhehebu lilileta kikao kirefu. Nimelitetea, maana kisiwani huwezi kuchagua. Pengine kuna kanisa moja tu.

Mwanikaji wa dagaa hakuhama. Kikundi chao sasa kinanunua ndoo kila usiku wa giza na wamemlipia deni lake lote la kausha damu. Yule mvuvi alikuja kibandani kwa Mama lishe kulalamika kwamba wamemchukulia mwanamke. Mama lishe akamwekea uji, akamwuliza habari za mke wake wa Ukerewe. Aliumaliza uji akaondoka.

Julai, mbalamwezi

Nahodha amepata kazi kwenye chombo cha sangara. Hawa hawafuati mwezi sana, hutega nyavu na kurudi kuzitegua, kwa hiyo ile ratiba yetu nzuri haimhusu tena. Yeye na Fundi nyavu wanakutana Jumapili usiku. Tajiri wa zamani alimtumia salamu kwamba giza lijalo anaweza kurudi. Nahodha aliuliza kama mganga bado anakuja. Bado.

Jambo jipya: mke wa Nahodha, aliyekuwa amekaa pembeni katika kila kikao akikanda unga wa maandazi, ameanza kumsomea Marko jirani yake, binti aliyehamia mwezi uliopita. Hakumwomba mtu ruhusa na hana karatasi ya walezi. Nilipomwuliza alianzaje, alisema alimsikia Fundi nyavu kwa miezi yote, hivyo anajua maswali yanayofuata. Mzee mmoja ametaka apitie kwanza semina. Nimemjibu kwa 2 Timotheo 2:2, ambako vizazi vimepangana: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine watakaofundishwa na hao. Bibi amejitolea kumtembelea kila Alhamisi akikaanga, ili awe na mtu wa kumwuliza. Semina ataikuta mbele ya safari.

Agosti, kabla ya giza

Kazi zilizoko mezani. Memori kadi zimekwisha na nyingine zimejazwa nyimbo za bongo fleva. Kijana wa bodaboda ameahidi kuzisafisha na kuzirudishia Agano Jipya. Walezi wanawake wametosha, wanaume hawatoshi, kwa hiyo Fundi nyavu amepewa vijana watatu wakae pamoja, wote ni mabaharia wa chombo cha zamani cha Nahodha, wale wa redio. Hawajaokoka. Wamesema wanataka tu kujua ile habari inaishaje, maana redio ilihama na mwenyewe walipokuwa kwenye sura ya kumi na nne. Baraza liliuliza tuwaandike kwenye daftari gani, la waongofu au la wageni. Nimewaandika kwa penseli.

Mfuko wa huduma kwa wahitaji umepitishwa, ila fedha bado. Mkutano mwingine wa injili umependekezwa mwezi Oktoba. Nimeomba usogezwe hadi walezi waongezeke, na kama hautasogezwa, basi usiku wake wa mwisho uangukie mwanzo wa mbalamwezi, ili asubuhi yake tuwe na siku kumi za kukaa na watu. Katibu ameshanunua kalenda yenye mwezi.